Nasikiliza nini siku hizi? Waulizeni majirani

Juzi mpwa wangu kanitumia meseji, eti anko siku hizi unasikiliza muziki gani? Nikacheka peke yangu kwenye foleni ya maji mpaka watu wakanigeukia. Mimi mtu wa Manzese, chumba na sebule, ukuta wa kupumulia, we unaniuliza nasikiliza nini kama vile nachagua? Mi sichagui bwana, nachaguliwa. Muziki wote wa mwaka huu sijabonyeza kitufe hata kimoja.

Kuna huyu kijana wa chumba cha pili, kanunua sabufa kabla ya kitanda, yaani yeye analala chini, spika ndo zimekaa mezani. Ugonjwa wake amapiano, ile ya Sauzi. Sasa ukuta wetu unachuja, vinanda na sauti za waimbaji vyote vinabaki kwake, kwangu inapita besi tu, dum, kimya, dudum, kimya, mpaka vikombe kabatini vinasogea kama vinahama nyumba. Miezi mitano naijua amapiano kwa kisogo. Siku moja niko kwenye daladala, konda kaweka ngoma tamu, kinanda kinateleza, dada anaimba kwa upole, nikamuuliza dogo wa siti ya pembeni huu muziki gani mzuri hivi? Akasema anko, amapiano hiyo. Nikatega sikio chini kabisa nikaisikia ile besi. Ndo yenyewe! Ndo iliyonivunjia glasi mbili.

Upande wa uani kuna mama mmoja hawasalimiani na mama watoto tangu wagombanie kamba ya kuanikia nguo. Na uswahilini hatutukanani, tunaweka taarabu. Saa kumi na mbili asubuhi mi nna mswaki mdomoni, mipasho hiyo, na redio imegeuzwa makusudi itazame mlango wetu. Wiki mbili sasa, maneno nimeshayakariri, juzi kazini nimejikuta naimba bosi akadhani namsema yeye. Wenye taarabu asilia watanikatalia hapa, watasema taarabu ni ya Siti binti Saad, yule mwanamke wa Unguja aliyevuka bahari mwaka 1928 mpaka Bombay kwenda kurekodi santuri, sawa, nakubali, lakini Siti mwenyewe angeiona ile kamba angetunga. Mama watoto kanijia usiku na ile sauti yake laini, sauti ya hela. "Baba Mwajuma, na sisi tununue sabufa." Ya nini? "Ya kujibu."

Jumamosi ndo usiseme. Ukiona turubai limekatisha barabara na maspika yanashushwa kwenye guta, jua hulali, kigodoro hicho, singeli mpaka alfajiri. Singeli kazaliwa hukuhuku kwetu, Manzese, Tandale, Mburahati, siwezi kumkana mtoto wa mtaani, lakini kasi ile jamani mnakimbilia wapi? Mapigo 200 na ushee kwa dakika, wengine wanaivuta mpaka 300, wakati moyo wa mtu mzima aliyekaa zake kwenye stuli unatakiwa uende 60 mpaka 100 tu. Nikikaa nje dakika kumi moyo unaanza kuufukuzia ule mdundo, haufiki, unachokea njiani narudi ndani nimeshika kifua. Na emsii anaongea kama konda aliyepungukiwa hesabu, naambulia neno mojamoja, wiki iliyopita nimesikia "kodi" nikashtuka nikajua mwenye nyumba kapewa maiki. Nikajitia kuwapa vijana historia, nikawaambia nyie singeli yenu mizizi yake ni mchiriku, enzi zetu tulicheza na vile vijikinanda vidogo vya Casio. Mmoja akaniuliza, anko si ndo vya kuchezea watoto vile? Ndo hivyohivyo. Nikaona bora niombe maji.

Changu mimi ni dansi. Bendi yangu Sikinde, ngoma ya ukae. Na hapo ndo nagombana na fundi viatu wa pale kona, yeye Msondo damu, kila asubuhi lazima anikumbushe kwamba Msondo ndo baba ya muziki, NUTA Jazz tangu 1964, nyie Sikinde mmekuja 1978 mkakuta ukumbi umeshafagiliwa. Namjibu bendi gani hiyo inabadili jina kama mtu anayekimbia madeni, mara NUTA, mara JUWATA, mara OTTU (najua ni chama cha wafanyakazi ndo kilikuwa kinabadilika na bendi ilikuwa ya kwao, ila kwenye ubishi husemi kila unachokijua). Na kichekesho ni kwamba wote wawili tunamlilia Gurumo, aliyeimba huku akaimba na kule, yaani ni kama wake wenza tunagombea mume aliyekufa tangu 2014.

Basi nikaona isiwe tabu, hela ya sabufa sina, nikamuaga mama watoto naenda Kariakoo. Nikanunua hedifoni elfu tano. Pale dukani zinalia zote mbili, nafika Magomeni ya kushoto imekata roho. Nikampelekea fundi simu wa mtaani, kadogo tu, kakaiweka sikioni, kakasikiliza Sikinde yangu kidogo, kakanirudishia. "Mzee, nyimbo hizi ni za redio ya zamani, mono hizi, kushoto na kulia kitu kilekile. Hujapoteza kitu." Halafu kakanidai buku, ya ushauri.

Nikaondoka hivyohivyo. Sikio la kulia Sikinde, magitaa yanapishana taratibu kama wazee wanaosalimiana njiani, la kushoto liko wazi kwa hiyo mtaa mzima unapita, na jana ilikuwa Jumamosi. Bega linaenda dansi, mguu wa kushoto umeshajiunga na kigodoro bila ruhusa yangu. Nimefika nyumbani hivyo, mama watoto kasimama mlangoni, kautazama mguu, kaitazama mikono mitupu, kauliza sabufa iko wapi.

Nikamgeuzia sikio la kulia.