Walevi wasitufanye tuue ngoma ya mji

Kila ikikaribia Mei huku Uingereza yanaanza maneno yaleyale, na mwaka huu nimeyasikia kazini wakati wa chai kutoka kwa mwenzangu ambaye kwa kweli namheshimu sana. Akasema hizi sherehe za ngoma za asili kwenye miji midogo ni kisingizio tu cha kulewa barabarani, watu wanakojoa kwenye milango ya wenzao, chupa zinapasuliwa, polisi wanapoteza siku nzima, bora wapelekwe uwanjani nje ya mji wazungushiwe uzio walipe tiketi yaishe. Wengine wakaitikia. Mimi nilinyamaza kwa sababu kengele ya chumba ililia nikaenda kumwangalia mzee ninayemhudumia, ila sikukubali, na nimekaa nalo moyoni wiki nzima mpaka nimeona niliandike.

Niliwahi kuishi Cornwall, mkoa wa kusini magharibi wa huku, kwenye pwani yake ya kaskazini, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Karibu na hapo kuna Padstow, bandari ndogo ya wavuvi, wakazi wake hawafiki hata 4,000, lakini Mei mosi watu wanajaa mpaka huwezi kugeuza kigari cha mtoto. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa sita kamili, wenyeji wanakusanyika nje ya baa ya Golden Lion wanaimba kwa midomo mitupu, hakuna ngoma hakuna kinanda, sauti tu. Asubuhi mitaa yote imefungwa majani mabichi na bendera, na mlingoti mrefu wa maua umesimama katikati ya mji. Kisha anatoka farasi. Wao wanamwita 'Oss. Ni pete ya mbao pana kama futi 6 iliyofunikwa turubai jeusi, mtu yuko ndani kaibeba mabegani, kinyago chenye sura ya kutisha juu, na mbele yake anacheza mtu mwenye rungu lililopambwa ambaye kazi yake ni kumchokoza. Nyuma zinafuata ngoma na kodiani, nyingi, zinapiga wimbo mmoja huohuo kuanzia asubuhi mpaka usiku.

Farasi ni wawili, mmoja wa nyekundu mmoja wa bluu, na watu wamevaa nguo nyeupe wamejifunga mshipi wa rangi ya upande wao. Rangi unairithi kwa mama au baba. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, miaka tisini kasoro, mchana alikuwa anasahau hata jina langu, lakini Mei mosi asubuhi aliniambia fungua droo ya pili. Ndani kulikuwa na mshipi wa bluu umekunjwa kwenye karatasi laini. "Mpenzi wangu, nifunge fundo upande huu, sio huo" (kule wanakuita mpenzi wangu hata kama mmejuana jana). Nikamfunga, nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka kona ambayo yeye mwenyewe alichagua, akasema hapa ndipo farasi anapofia.

Sikuelewa mpaka nilipoona. Ikifika sehemu fulani ya wimbo ngoma zinalegea, farasi anainama mpaka turubai linagusa lami, watu wanaimba polepole kama wako msibani, halafu ngoma inapigwa kwa nguvu anaruka juu na umati mzima unapiga ukelele. Pale pale wakati kalala chini, kijana mmoja mgeni, kalewa chakari, kopo la bia mkononi, akaingia kwenye duara anataka kulivuta turubai huku mwenzake anampiga video. Nilishika kiti cha bibi kwa nguvu maana nilijua sasa ngumi zinarushwa. Hakuna ngumi iliyorushwa. Wanaume wawili wenye mishipi ya bluu walimshika huku na huku mabegani kama wanacheza naye, wakarudi naye nyuma hatua kwa hatua wakifuata mdundo, wakamkalisha kwenye ngazi ya duka, mama mmoja akampa chupa ya maji. Mpiga ngoma hakukosa hata pigo moja. Farasi akaruka. Bibi alikuwa analia na kucheka kwa pamoja na wala hakumwona yule kijana.

Hilo ndilo jambo langu lote leo. Polisi walikuwepo wakasimama mbali, ila aliyezima fujo ni ngoma yenyewe, yaani wenyeji ambao wanajua kila mtu anatakiwa awe wapi, na ambao kesho watakutana dukani na waliowaona leo. Ukiitoa ngoma hiyo mtaani ukaipeleka uwanjani chini ya walinzi wa kukodi, umewaondoa haohao waliokuwa wanalinda mji, umebaki na bia.

Na sisemi hakuna fujo. Jioni nilirudi kwangu nikakuta mtu kajisaidia mlangoni na vipande vya glasi kwenye ngazi, nilisafisha kwa ndoo na mikono yangu mwenyewe nikiwa nimechoka na hasira juu. Nimekulia mtaa wa vigodoro, najua mtu anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kazini anavyoumia na kelele za wenzake. Anayelalamika ana haki ya kulalamika, nakataa tu dawa anayoitaka.

Maana dawa hiyo ishajaribiwa na sio mara moja. Mwaka 1583 mwandishi mmoja mlokole, Philip Stubbes, aliandika kwa hasira kwamba wacheza ngoma wanaingia mpaka makaburini na kanisani wakati wa ibada, njuga zinalia miguuni, vitambaa vinapeperushwa, farasi wa bandia wanarukaruka. Mwaka 1618 mfalme James wa Kwanza akaruhusu watu wacheze Jumapili baada ya kanisa, Wapuriti, walokole wakali wa enzi hizo, wakachukia, na mwaka 1644 Bunge likaamuru milingoti ya maua yote ing'olewe nchi nzima. Ikang'olewa. Mwaka 1660 ufalme uliokuwa umefutwa uliporudi watu wakaisimamisha tena, na walevi kwa miaka yote hiyo hawakuwa wamepungukiwa na pa kulewea!

Kesi inayoniuma zaidi ni ya Chipping Campden, kule kwenye vilima vya Cotswolds. Kuna michezo na ngoma zilizoanzishwa na Robert Dover mwanzoni mwa karne ya 17 juu ya mlima ambao leo unaitwa kwa jina lake, mieleka, mbio, mpaka kupigana mateke ya ugoko ambayo watu bado wanayacheza wakiwa wamejaza nyasi kavu ndani ya suruali. Katikati ya karne ya 19 reli ikawa inachimbwa jirani, vibarua wa reli wakawa wanajaa mlimani, watu wa heshima wakalalamikia ulevi na ngumi, na 1852 ndio ikawa mara ya mwisho. Wakati huohuo ardhi ya wazi ya pale iligawanywa ikawa ya watu binafsi. Sasa we jiulize, ni fujo tu ndizo zilizowasumbua au na ardhi pia ilikuwa inatamaniwa? Karibu miaka 100 ikapita kabla haijafufuliwa mwaka 1951. Vizazi vitatu vya watoto wa pale walizaliwa wakakua bila siku yao.

Na angalia neno fujo lenyewe huwa linabandikwa nani. Cecil Sharp, yule aliyekuja kuzikusanya ngoma hizi, alianza kuziona tarehe 26 Desemba 1899 pale Headington karibu na Oxford, wanaume wanacheza Morris, ngoma ya asili ya Waingereza yenye njuga na vitambaa, nje ya nyumba aliyokuwa amefikia, William Kimber anapiga kinanda cha mkononi. Wakaomba radhi kwamba msimu wake ni Mei au Juni, ila baridi imewanyima kazi na wanahitaji hela kidogo. Mafundi ujenzi hao. Mtu maskini akicheza barabarani kwa ajili ya mkate anaonekana msumbufu, msomi akimuandikia noti zake inakuwa urithi wa taifa. Hilo haliko Uingereza peke yake, sisi wa pwani tunalijua toka enzi za beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, Lamu na Mombasa watu wamegawanyika pande mbili wanashindana kwa matarumbeta na mavazi, baadaye vyama vya beni vya Marini na Arinoti vikasambaa mpaka bara, na wakoloni wakiiangalia kwa jicho la kutilia shaka.

Sasa rudi Padstow, kwa yule farasi wa bluu. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa kampeni ya kuacha pombe walikuwa wanachukizwa na ulevi uliokuwa unamfuata farasi wa zamani, yule wa nyekundu. Hawakwenda kuomba apigwe marufuku. Walimtoa farasi wao, wakacheza mtaani hukohuko Mei mosi hiyohiyo, bila pombe, na ndio huyo bluu mpaka leo, ingawa siku hizi na wao wanakunywa kama wengine. Kuna tajiri mmoja wa karne hiyohiyo alijaribu njia nyingine, akaahidi kuwapa watu ng'ombe dume wa kuchoma ili waachane na farasi, wakamkatalia. Ng'ombe walikataa, farasi wa pili walimpokea. Mimi hapo naona akili kubwa sana.

Hata jambo ambalo linanigusa mimi kama mtu mweusi limeenda hivyohivyo. Kuna vikundi vya Morris vilikuwa vinajipaka uso mzima rangi nyeusi, na sitaki mtu aniambie ni mila tu nivumilie, mara ya kwanza kuona nilihisi tumbo limekaza nikaondoka. Mwaka 2020 vyama vyao vikubwa vitatu vikakubaliana kuachana nayo. Kundi maarufu la Bacup kule Lancashire likagoma likajitoa, lakini wengi walibadili wakaanza kujipaka kijani, bluu, rangi wanazozitaka, na ngoma haikufa. Wacheza ngoma wenyewe ndio walikaa wakaamua.

Kwa hiyo mkiniuliza nini kifanyike nitasema vitu vidogo ambavyo kila halmashauri inaviweza. Vyoo kwanza. Unaleta maelfu ya watu kwenye mji wa watu elfu chache halafu unashangaa mlango wangu? Pili chupa za glasi zisitoke nje ya baa siku hiyo, bia iingie kwenye vikombe vya plastiki. Tatu usafiri wa usiku, treni ya Padstow ilifungwa tangu 1967 na mtu asiye na namna ya kurudi kwao atakaa pale ukutani anaendelea kunywa mpaka alale, weka mabasi. Na kwenye mikutano ya kupanga, wakaeni wale wa mishipi kwenye viti vya mbele, sio mwishoni waambiwe tu maamuzi.

Yule bibi alifariki kabla ya Mei iliyofuata. Mwanawe alinipa ule mshipi wa bluu, nikakataa, nikamwambia huo ni wa ukoo, akasema mama aliagiza. Nimeshaomba ruhusa kazini kwa tarehe 30 Aprili mpaka 2 Mei, nitautoa droo, nitafunga fundo upande ule alionionyesha, na saa sita usiku nitakuwa nje ya Golden Lion na wengine.