Boti Ile Ile, Mwenye Kauli Mwingine

Kila boti ikizama Ziwa Victoria, hakosi wa kusema: "Wazungu wana feri za chuma, sisi tuna mbao." Mimi mtoto wa Kisumu naishi Seattle, Marekani, mji ambao watu wake huenda kazini kwa feri, na hoja hiyo hainiingii.

Chukua feri MV Skagit. Iliundwa mwaka 1989, ikabeba abiria hapa Seattle miaka ishirini hivi. Ikauzwa, ikafika Zanzibar. Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam huku bahari imechafuka, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe. Uwezo wake ulikuwa watu 250. Taarifa za siku zile zilitaja 290 waliokuwamo, watoto wakiwemo. Tena iliundwa kwa maji yaliyokingwa na nchi kavu, si kwa mawimbi ya mkondo ule. Chombo ni kile kile. Kuna mtu aliyetia saini, na hakuna aliyesema leo hatung'oi nanga.

Huku Seattle, Coast Guard (walinzi wa pwani wa Marekani) ndiyo hupanga kikomo cha abiria na idadi ya mabaharia. Baharia mmoja akikosekana, na wa kumshikia zamu hayupo, safari inafutwa. Watu hulalamika, nami nimo (bosi wangu hajali habari za mabaharia). Lakini nahodha akikaa gatini hapotezi hata senti, kwa sababu mshahara wake hauhesabiwi kwa vichwa.

Sasa njoo kwenye boti za Mfangano na Remba, visiwa vyetu vya Ziwa Victoria. Dereva anakula kinachobaki baada ya petroli na fungu la mwenye boti, kwa hiyo nafasi tupu ni unga uliopungua nyumbani kwake. Halafu lawama tunamtwika abiria: vaa jaketi! Avae lipi, ikiwa yamelaliwa na magunia ya omena?

Wala msiniambie serikali ikinunua feri mambo yamekwisha. Feri MV Nyerere ilikuwa ya serikali ya Tanzania, ya watu 101. Ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, waliokufa peke yao walizidi 220.

Mamlaka ya usafiri wa majini ya Kenya, KMA, ipo na sheria zipo, ila ofisa wake hawezi kuwa kila ufuo alfajiri. BMU, vikundi vya wenyeji vinavyosimamia fuo, wapo. Wapewe nguvu ya kuizuia boti iliyojaa kupita kiasi, na faini imfuate mwenye boti, si dereva peke yake.

Shemeji yangu wa Mbita ananijibu kwamba nauli itapanda, na kwamba ni rahisi kuongea ukilipwa kwa dola. Kuhusu dola hajakosea. Ndiyo maana nataka hasara ya viti vitupu ianze na mwenye boti, ambaye mara nyingi anakaa mjini na chombo chake mwenyewe hakipandi.