Kuku Alitangulia Kuketi

Kuna maneno yanazunguka hapa Uyole, Mbeya, kwamba nilichelewa kufufua pikipiki yangu kwa sababu ya ubahili. Naomba nijitetee. Nilikuwa namngoja kuku.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG 125, zile za mwanzo, za volti 6, zenye platini, yaani vile vidomo viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi ipate moto. Niliiegesha stoo mwaka 2013 baada ya kebo ya klachi kukatika. Nikasema wiki mbili tu, mshahara ukitoka nanunua kebo. Mshahara ukatoka. Ukatoka tena. Ukaendelea kutoka mpaka ukatoka wa mwisho, nikapewa mkono wa kwaheri na saa ya ukutani, na kebo bado sijanunua. Kebo ya shilingi 5,000.

Kustaafu kuna tatizo moja ambalo kwenye semina hawalisemi: unakuwa nyumbani. Ukiwa nyumbani unaona vitu. Niliona paa linavuja, nikanyamaza. Nikaona ukuta wa choo umeinama, nikanyamaza vilevile. Lakini siku nilipoingia stoo kutafuta jembe, nikaiona taa ya pikipiki inanitazama katikati ya magunia ya viazi, uzalendo ukanishinda. Hii ndiyo iliyokuwa inanipeleka kazini Chunya nikiwa kijana, inapanda Kawetere asubuhi ya Julai, baridi inakata masikio, nami nimejaza magazeti kifuani ndani ya koti. Ndiyo iliyompeleka Mama Subi hospitali siku ya kumzaa Subi, na mpaka leo Mama Subi anasema yale mashimo yalimsaidia kuliko manesi.

Nikavuta gunia lililofunika siti. Chini yake kuku. Amevimba manyoya, jicho moja kwangu, mayai 12 chini ya tumbo. Siti ilishapasuka zamani, sponji limetengeneza shimo zuri la mviringo. Hata mimi ningekuwa kuku ningetagia pale.

Nikamwita Mama Subi, nikamwambia kuku wako mtoe, nataka kufanya kazi.

"Baba Subi, hii pikipiki imekaa humu miaka mingapi?"

"Kumi na moja."

"Sasa miaka kumi na moja imeweza, siku ishirini na moja itashindwa?"

Nimefundisha hesabu miaka 34. Sikuwa na jibu.

Basi nikasubiri siku 21, na kosa nililofanya ni kuzitumia hizo siku kuwaambia watu. Usiwaambie watu. Mtu wa skrepa alikuja bila kuitwa, akaishika usukani, akainyanyua kidogo gurudumu la mbele likaachana na ardhi, kama anayekadiria nguruwe wa Krismasi, akataja bei. Kuku akamdonoa. Shemeji yangu akaja na ushauri kwamba niongeze hela kidogo ninunue pikipiki ya Boxer. Hiyo "hela kidogo" ya shemeji ilikuwa zaidi ya milioni mbili. Vijana wa kijiweni wao hawakushauri, walicheka tu, wakaniuliza kama inatumia mkaa au kuni.

Nikawauliza: hizo pikipiki zenu za Kichina, mnajua injini yake imetoka wapi? Kimya. Imetoka hapa! Honda waliitoa CG mwaka 1976 mahsusi kwa nchi ambazo watu hawafanyi sevisi, yaani walitufikiria sisi kwa majina. Valvu zake zinasukumwa kwa vijiti, cheni ya taimingi haimo kabisa, ili kisiwepo kitu cha kulegea na mwenye nacho hana habari. Wachina wakaona injini ngumu namna hii, wakainakili wakajaza dunia. Kwa hiyo kijana, unapomcheka huyu unamcheka bibi yako mzaa baba. Mmoja akasema, "Sawa mzee, lakini bibi hatumpandi." Watoto wa siku hizi wana majibu.

Siku ya 21 vikatoka vifaranga tisa. Mama Subi akawahamishia jikoni kwa heshima zote, nami nikakabidhiwa siti, na harufu yake.

Nikafungua boksi la chujio la hewa. Panya walishajenga. Tena hawakujenga kwa majani, walijenga kwa karatasi, na nilipozikunjua nikaona mwandiko wangu: andalio la somo la 2011, Darasa la Sita, mada "Sehemu". Wameligawa sehemu kweli. Kwenye ekzozi nyigu wa udongo walikuwa wamepiga plasta mdomo mzima, plasta safi, hakuna fundi wa hapa Uyole anayepiga vile. Nikafungua koki ya mafuta: hakuna kilichotoka. Nikafungua kifuniko cha tanki, nikapigwa na harufu ya vanishi. Petroli ikikaa miaka hivyo inakauka, inaacha utomvu wa rangi ya chai, na huo utomvu ndio unaoziba vitundu vya kabureta. Chini yake kutu, mapande kama gome la mti.

Mbinu ya kutoa kutu naijua tangu ujana. Unatia tankini kokoto ndogo na mafuta ya taa, unaziba, unatikisa. Unatikisa mpaka mkono ufe, unabadilisha mkono. Nilitikisa siku mbili uwanjani, chaka chaka chaka, na jioni ya pili mzee wa kanisa aliyekuwa anapita akasimama kwenye uzio akauliza, kwa upole kabisa, kama kayamba ninazopiga ni za kwaya ya vijana au ya akina mama.

Hapo bajeti yangu bado ilikuwa 40,000. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, ukurasa wa kwanza, nikapiga mstari chini kwa rula.

Mambo ya platini lakini si ya kubahatisha, nikaambiwa yuko fundi kule Mwanjelwa. Pikipiki ikapakiwa kwenye guta, nami nikakaa nyuma kuishikilia isidondoke. Sijui kama umewahi kupita barabara kuu ukiwa umekaa kwenye guta umekumbatia pikipiki. Kila mtu anadhani umepata ajali. "Pole mzee!" Nimeshapoa. "Pole baba, na mwenzako yuko wapi?" Mwenzangu nani? Kuanzia Uyole mpaka Mwanjelwa napokea pole, na ile barabara wakati ule ilikuwa inapanuliwa kuwa njia nne, foleni haisogei, kwa hiyo kila pole inapata nafasi ya kuuliza maswali ya ziada. Nilipofika nilikuwa nimepakwa vumbi mpaka kope, sasa nafanana kweli na majeruhi.

Fundi akanyanyua kichwa kutoka chini ya pikipiki nyingine. "Shikamoo mwalimu."

Moyo ukaniruka. Nilimfahamu. Huyu nilimfundisha. Siku moja, mbele ya darasa zima, alishindwa kuzidisha saba mara nane nikamwambia, Mungu anisamehe, kwamba maisha yake yote atakuwa anadhulumiwa chenji. Sasa ndiye ameshika spana.

Akaizunguka pikipiki mara mbili. Akachuchumaa. Akatikisa kichwa. Kile kitikiso cha fundi, ndugu zangu, nina hakika nacho kina bei yake kwenye bili, hakiandikwi tu. Kisha akauliza swali ambalo kila fundi wa nchi hii huuliza, wa redio, wa saa, wa bomba:

"Nani aliifungua hii?"

"Mimi."

"Ahaa," akasema, akaandika kitu.

Siku tatu. Kila nikipiga simu yuko "namalizia malizia mwalimu", na nyuma yake nasikia watu wanaagiza chipsi. Kila alichokifungua kilimwonyesha kingine. Sahani za klachi zimegandana kama chapati zilizolala. Breki shu, ule mkanda wake umebanduka wenyewe, ulikuwa ndani ya habu unazungukazunguka kama mgeni asiyejua pa kukaa. Tairi la nyuma limepasuka kama kisigino. Spea ndizo zilinifurahisha: klachi, kebo, cheni, vyote vya pikipiki za Kichina vikaingia bila kulazimishwa. Wajukuu wakamchangia bibi damu.

Ila betri hapana. Duka la kwanza, "Volti 6? Mzee, unatafuta ya tochi?" Duka la pili, la tatu, la nne, wote wana 12. Nikaacha. Moto wa plagi kwenye mashine hii unatoka kwenye magneto, betri haihusiki, kwa hiyo injini itawaka. Kinachokosekana ni honi na indiketa. Honi ninayo mdomoni na indiketa ninazo mbili, kulia na kushoto, zimeota mabegani.

Kwenye platini kijana akakwama. Enzi zake ni za CDI, kale kaboksi ka umeme kanakofanya kazi ya platini, kakifa unatupa unanunua kengine. Akaenda kumwita aliyemfundisha ufundi, mzee mmoja kakaa juu ya dumu kule kivulini, hana haraka na dunia. Mzee hakuinuka. Akaletewa mashine yote mpaka kwenye dumu. Akauliza kama nina karatasi ngumu. Nilikuwa na daftari la bajeti tu. Akachana kona ya jalada, akaipitisha katikati ya midomo ya platini, akakaza skrubu, akaivuta karatasi kama anayechomoa mwiba. "Milimita sifuri nukta tatu, nukta nne hivi," akasema. Kisha akageuza skrubu ya hewa ya kabureta robo mzunguko, maana huku kwetu juu hewa ni nyepesi, na kabureta haipimi, inamwaga tu petroli ileile. Nikampa chochote. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, akarudi kuitazama barabara.

Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili ikapiga chafya, kikatoka kipande cha plasta ya nyigu na moshi mweupe. Ya tatu ikawaka.

Sitaki kueleza sana hapo. Nilijifanya vumbi limeniingia machoni, na kwa Mwanjelwa hiyo inaaminika.

Ndipo ikaja bili. Kijana akaisoma kwa sauti, kitu kimoja kimoja, akajumlisha kichwani bila simu, bila kalamu: 213,000. Nikakaa kwenye dumu la mzee nikarudia kwa daftari, nikijumlisha kutoka juu, halafu kutoka chini. 213,000. Nikampa 220,000. Akanirudishia 7,000, akaihesabu mbele yangu noti kwa noti, polepole, huku ananitazama.

Kesho yake asubuhi, Uyole, baridi ile ya kutoa moshi mdomoni, nikatoa pikipiki uwanjani majirani waone. Choki juu. Kiki. Kiki. Kiki. Nikavua koti. Kiki ya 20 nikavua sweta. Ya 38 goti likaniambia mwalimu, tustaafu na hili. Mjukuu wangu, miaka sita, alikuwa amechuchumaa pembeni na kikombe cha uji.

"Babu, haka kadude kamelala."

Koki ya mafuta. Nilikuwa sijaifungua. Fundi aliifunga yeye, mimi nasema yeye.

Basi nikaingia barabarani. Bima ndogo nilishakata, na ile leseni ya magari ya kila mwaka nilishasahau kwamba ilifutwa 2017, ikahamia kwenye bei ya mafuta. Ni jambo pekee lililorahisika wakati pikipiki yangu imelala. Nikaenda taratibu, kila kwenye watu napiga honi kwa mdomo, "piii, piii", na watu wanapisha haraka kuliko honi ya kweli, nadhani kwa hofu.

Nilipofika Nane Nane mama mmoja akanyoosha mkono. Nikasimama, nikidhani ananifahamu. Akapakia mkungu wa ndizi kwenye keria, akavaa helmeti ya Mama Subi iliyokuwa imening'inia pale, akapanda.

"Mafiati, mzee. Nina buku tu."

Nikamwambia mama, mimi si bodaboda, mimi ni mwalimu mstaafu. Akasema, "Sawa mwalimu, twende, ndizi zinaiva." Vijana wa kijiwe wakaanza kupiga kelele: mzee, umesajiliwa kijiwe gani, mzee unakula abiria wetu! Walewale wa mkaa na kuni. Niliondoka gia ya kwanza mpaka ya pili bila kugeuka nyuma.

Nilipomshusha nilikataa ile buku. Nilikataa mara moja. Jioni kwenye daftari nikaandika, upande wa kushoto matumizi 213,000, upande wa kulia mapato 1,000. Mama Subi akasoma juu ya bega langu.

"Kumbe inalipa."

Tangu siku hiyo sina amani. Mahindi ya kusaga, Baba Subi. Gunia la viazi la mama mkwe, Baba Subi. Mgeni yuko stendi, mtungi wa gesi umekwisha, mtoto kasahau daftari. Hakuna anayelipa, na kila anayepanda analalamika: siti inanuka kuku, mgongo unauma, mbona polepole, mbona hakuna honi.

Jumamosi iliyopita Mama Subi akanituma Igawilo kumpelekea dada yake kuku mmoja wa mbegu. Kuletwa, ni yuleyule. Nikataka kumfunga miguu kwenye keria. Akanidonoa, akaruka mwenyewe juu ya siti, akazunguka mara moja, akalitafuta shimo lake kwenye sponji, akakaa. Nikawasha. Hakushtuka. Mpaka Igawilo hakusema neno.