Dona sio chakula cha adhabu, tatizo tunaipika kama sembe

Mi nilikuwa mtu wa sembe kabisaaa, ile nyeupe pee ya mahindi yaliyokobolewa, na lawama zangu zote naziweka bwenini. Shule niliyosoma tulikula dona, yani unga wa mahindi yasiyokobolewa, kila siku ya Mungu, na yenyewe imekaa stoo sijui miezi mingapi, ina uchungu fulani hivi na vidudu vinaelea kwenye sahani, basi siku tumemaliza fomu foo wengi wetu tuliapa hatuigusi tena mpaka tunaingia kaburini.

Kilichonigeuza wala sio daktari, ni mashine ya kusaga. Nililetewa mahindi kutoka nyumbani nikayapeleka kukoboa na kusaga, kijana wa pale akaniuliza, "Mama, pumba unabeba au unaacha?" Nikaacha kama wanavyoacha wote. Nimekaa pale nasubiri unga wangu, nikamuona mama mwingine kaja na kiroba, kanunua pumba zile zile za kwangu akalishe kuku. Yani nimelipa hela ili nitolewe ganda na kiini, na humo ndo kuna nyuzinyuzi, mafuta mazuri na vitamini B nyingi, kuku wale washibe, alafu kesho nikanunue mayai yao nasema nawapa watoto lishe. Nilicheka peke yangu kwenye boda mpaka dereva akageuka.

Sasa dona ina masharti yake na hapa ndo watu wengi wanachemka. Kile kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wake hauvumilii kukaa kama sembe, ukinunua kilo 25 ukaweka ndani miezi mitatu lazima uchache, na utarudi kusema dona ni chungu kumbe umeichelewesha mwenyewe. Mi nasaga kilo tano tano, zikiisha narudi mashineni. Na kabla ya kusaga nakaa na ungo nachambua punje moja moja, zilizopasuka, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zote natupa, hata kuku siwapi. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu, sio hadithi jamani, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na moto wa jikoni hauiondoi hata upike mpaka jioni. Tena niseme ukweli hata kama unaniharibia hoja, kukoboa kunapunguza sehemu ya hiyo sumu maana nyingi inakaa huko nje na kwenye kiini, kwa hiyo kama mahindi yako huyaamini usilazimishe dona.

Kupika sasa. Mtu anachemsha maji, anamwaga unga, anasonga dakika tatu, anapakua, alafu analalamika ugali unakwaruza koo. Si lazima ukwaruze! Anza na uji, koroga unga kidogo na maji ya baridi, mimina kwenye maji ya moto, uache utokote taratibu kama dakika kumi hivi ndo uanze kuongeza unga na kusonga. Dona inakunywa maji kuliko sembe so weka ya kutosha, ukimaliza kusonga punguza moto, funika dakika tano. Ukitoka hapo unanukia mahindi haswa, na mboga yake iwe mlenda au dagaa wa nazi.

Makande nayo (Wapare mnisamehe naingilia mambo yenu) napika ya mahindi mazima na ganda lake. Watu wanaogopa gesi itaisha, ila ukiloweka mahindi na maharage tangu jioni, asubuhi ukamwaga yale maji, muda unapungua sana, na kama una jiko la mkaa unaliacha linajipikia huku unafua. Magadi siweki, yanalainisha kweli ila yanaua vitamini B1, sasa nimehangaikia ganda la nini? Ngano nzima hivo hivo, loweka, chemsha ipasuke, tui la nazi na chumvi basi, hiyo kwangu ni chai ya asubuhi.

Kitu ambacho sikielewi ni huu unga wa lishe wa vitu kumi na mbili. Ulezi, mtama, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga, vyote mfuko mmoja, mtoto ana miezi saba! Karanga zinafanya unga uchache haraka na zenyewe ni kati ya zinazoongoza kwa sumukuvu, soya isipochemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa inamsumbua mtoto tumbo. Ulezi peke yake una kalsiamu kuipita mahindi mbali sana, pika uji wa ulezi, karanga saga pembeni utie siku hiyo hiyo, hela iliyobaki nunua parachichi.

Baba watoto bado anaulizia sembe kila Jumapili, nampikia, sitaki kesi. Ila Jumatatu nikimuwekea kiporo cha makande na chai ya rangi sijawahi kuona kabakiza.