Orodha ya vyuo ianze na mfuko wa mzee

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, duka langu la steshenari hapa Singida huacha kuwa duka. Mashine ya fotokopi inalala, madaftari yanasogezwa pembeni, na mimi nageuka mshauri wa udahili ambaye hakuna aliyemwajiri. Vijana wanaingia na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, imeandikwa vyuo vitano au sita. Ukiisoma vizuri unajua mengi ya kwao: kaka mkubwa alisoma wapi, mwalimu wa taaluma anasifia chuo gani, rafiki wa bweni anaelekea wapi. Kitu kimoja hakimo. Nyumbani wanaweza kutoa shilingi ngapi.

Nikiuliza, kijana anaangalia chini. "Nitapata mkopo."

Hapo ndipo tunapopishana. Orodha zao zimetungwa kwa hofu ya kukosa chuo, na hofu hiyo wameirithi kwa wazazi waliomaliza shule wakati vyuo vikuu nchini vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Leo mtu aliyefaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi 4, ambacho ndicho kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa waliotoka kidato cha sita, akitafuta kwa utulivu ni nadra akose pa kusoma. Ninaowaona wakishuka stendi na begi lao katikati ya mwaka hawakukosa nafasi. Waliipata, wakaripoti, wakahudhuria vipindi, kisha mtihani wa semista ukawakuta hawajamaliza ada.

Hizo pointi nazo zina kizungumkuti chake. Baraza la Mitihani linahesabu A kuwa 1, kwa hiyo pointi chache ndiyo sifa. TCU inahesabu A kuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na huko pointi nyingi ndiyo sifa. Mwenye B, C, C anatoka shule na divisheni wani ya 8, akifika kwenye mwongozo wa udahili anakuwa na pointi 10. Nimeshagombana na mzee mmoja aliyeamini nimempunguzia mwanawe. Nilichora kwenye karatasi mara tatu, akaondoka bado ana mashaka.

Turudi kwenye orodha. Tangu mwaka 2017 mwombaji anatuma maombi moja kwa moja chuoni, hakuna tena dirisha moja la TCU la kugawa watu. Maana yake kila chuo unachoongeza ni ada nyingine ya maombi, na orodha ya vyuo kumi ni hela ya mbolea. Watu wazima tunawaambia wachanganye: kozi moja au mbili za ndoto, ambazo wenye alama kama zako hubahatisha, mbili tatu za saizi yako, na moja ambayo hata mvua ya mawe ikinyesha utachukuliwa. Ushauri mzuri, na hata mimi nautoa. Ila unapima alama tu. Ile kozi ya uhakika, uhakika wake ni wa kuchaguliwa. Kama ipo kwenye chuo chenye ada ambayo kwenu hamuiwezi, haina uhakika wowote.

Kwa hiyo mimi kila jina nalipitisha kwenye swali moja: Bodi ya Mikopo ikikupa nusu ya ulichoomba, hapa utafika mwaka wa pili?

Nusu, nasema. Vijana wanafikiri mkopo ni taa, ama imewaka ama imezimwa. Bodi inapima uhitaji wa kila mtu na mafungu yenyewe ni kadhaa: chakula na malazi, ada, vitabu, mafunzo kwa vitendo na mengine. Mtu anaweza kupata posho yote ya chakula akapewa kipande tu cha ada, na jirani yake waliyekaa dawati moja akapata kila kitu kwa sababu ni yatima au kaya yao iko TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini. Sioni kosa katika hilo. Kosa ni kupanga maisha ya miaka mitatu, minne au mitano kana kwamba wewe ndiye yule jirani.

Halafu kuna boomu, yaani posho ya chakula na malazi. Ilipandishwa mwaka 2022 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku, na kwa mwanafunzi mwenye kitanda cha hosteli ya chuo hiyo ni hela ya kuishi. Mpeleke mtu huyohuyo Dar es Salaam, akose hosteli, akutane na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkononi. Elfu kumi ya siku hiyo inakuwa kodi na daladala, chakula kinatafutiwa njia. Tena boomu halimsubiri mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mlangoni. Lazima asajiliwe kwanza, asaini, asubiri. Wiki hizo za mwanzo zinaliwa na hela ya nyumbani. Wale wa Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wana neno lao, kubebana, yaani mwenye kitanda anamlaza rafiki yake asiye nacho. Neno zuri, lina huruma ndani. Lakini mzazi asilifanye kuwa mpango wa malazi.

Ndiyo maana nampenda mtoto wa hapa anayeweka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, kwenye orodha. Sikidharau chuo cha Dar hata kidogo. Dodoma ni basi la saa chache, mabweni yako ndani ya chuo, na mama anaweza kumtumia gunia la mahindi kwa mtu anayesafiri. Kwa sababu hiyohiyo siungani na wanaokataa vyuo binafsi bila kupiga hesabu. Mtoto ambaye kwao ni Nyegezi, Mwanza, akisoma SAUT, chuo kikuu binafsi cha hukohuko, analala kwao na kula ugali wa kwao. Ada ni kubwa kuliko ya serikali, sawa, lakini jumlisha na kodi, chakula na nauli za likizo za yule aliyepata chuo cha umma mkoa wa tatu kutoka kwao, kisha uniambie nani katumia zaidi. Wakati mwingine jibu linashangaza, wakati mwingine linabaki vilevile, cha umma ni nafuu. Cha msingi zote mbili ziandikwe kwenye karatasi moja.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi: wanabadili kozi kufuata mkopo. Wamesikia kozi fulani zina kipaumbele, basi kijana aliyeota uhandisi anajaza ualimu wa sayansi. Hapa nasita. Kama unaweza kuupenda ualimu, jaza, nchi inawataka. Kama huwezi, kumbuka huu ni mkopo, si zawadi. Ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Kulipia kwa miaka kozi uliyoingia kwa sababu tu ya mkopo ni adhabu ya ajabu. Walau ile nyongeza ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilifanya deni lisishuke ilifutwa mwaka 2021. Dada yangu anajua ilivyokuwa.

Isiyorudishwa ni Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa waliofaulu sayansi kwa alama za juu kabisa na kuchaguliwa kozi za sayansi, teknolojia, uhandisi na tiba. Wa hivyo kwenye duka langu huja mmoja, na miaka mingine haji. Huyo namwambia atungue embe la juu kabisa. Orodha yake inaweza kuwa na vyuo viwili na asubuhi akaamka salama.

Upande wa pili wako wenye pointi zinazopepesuka, wazazi hawana kitu, na wanang'ang'ania shahada kwa sababu stashahada inaonekana kushindwa. Mimi stashahada naiweka kwenye orodha bila aibu. Mikopo yake ipo kwa baadhi ya fani tangu 2023/24, chuo cha kati kinaweza kuwa karibu na nyumbani, na ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 mlango wa shahada bado uko wazi.

Sasa niungame. Mwaka fulani binti mmoja hakuwa na simu, nikajaza namba yangu. Alichaguliwa vyuo viwili, na aliyechaguliwa zaidi ya kimoja anatakiwa athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Ujumbe ukaingia kwangu katikati ya miamala na salamu za wateja. Niliuona siku dirisha limeshafungwa. Aliingia awamu iliyofuata, chuo kingine, na mkopo wake ukaja na majina ya mwishoni. Hakunilaumu, na hilo ndilo liliniuma. Tangu hapo bila namba ya mwombaji mwenyewe au ya mzazi sigusi kibodi. Na kila mwezi wa tano, kabla hata matokeo hayajanukia, natuma ujumbe kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa: pelekeni vyeti vya kuzaliwa vikahakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kama baba au mama alifariki, cheti cha kifo pia. Fomu nyingi za mkopo hukwama hapo, kwa jina lililoandikwa "Athumani" kwenye cheti kimoja na "Asumani" kwenye kingine.

Juzi mzee mmoja wa Ikungi alikuja na binti yake, aliyesoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), pointi 9 za TCU. Karatasi ilikuwa na vyuo sita, vitano vya Dar, vyote udaktari. Nikampa mzee kalamu nikamwomba aandike kiasi anachoweza kutoa kwa mwaka, si kwa mwaka mzuri, kwa mwaka wa ukame. Alikaa nayo muda. Binti alikuwa anaangalia barabarani. Mzee akaandika 700,000, akaifuta, akaandika 500,000, akanirudishia karatasi bila kumtazama mwanawe.

Binti aliisoma ile namba. Akachukua kalamu, akakata vyuo vinne, akaongeza uuguzi Dodoma na maabara ya stashahada hapa mkoani. Udaktari mmoja wa Dar akauacha pale juu.

"Huo nauacha, shikamoo baba," akasema, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu waingie.