Kwanza Kabisa, Sikuimba

Naona Mjumbe ameshaimwaga ile video yangu kwenye grupu la Wabongo wa Pune, huku India. Kutoka huko imevuka bahari mpaka grupu la ukoo wetu Tanga, ambako baba mkubwa, mtu ambaye tangu aingizwe humo hajawahi kutuma kitu zaidi ya picha za maua zenye "Asubuhi njema", ameandika neno moja: "Duh."

Simtaji jina huyo rafiki yangu. Tumwite Mjumbe, na ashukuru wahenga walishasema mjumbe hauawi.

Basi naandika mwenyewe, msome toleo la mwenye aibu yake. Mjumbe anadai nilisimama mbele ya watu mia tatu nikaimba "Happy Birthday" mwanzo mpaka mwisho huku napiga makofi. Kwanza kabisa, sikuimba. Nilisema "Hap". Nikanyamaza. Silabi moja, jamani. Pili, hatukuwa mia tatu, tulikuwa themanini na kitu, na watatu kati yao walikuwa wachanga wa kubebwa, hao hawahesabiki kama mashahidi.

Moto nilizima. Hilo sikatai.

Mnaonifuata mnajua nilivyoachwa mwezi wa pili, siyarudii. Mtu akiachwa Dar anahamia baa. Ukiachwa ukiwa India, kila mwenye huruma ana guru wake, mwalimu wa kiroho, wa kukuelekeza. Mama mwenye nyumba ana wake, muuza chai ana wake, hata msimamizi wa tasnifu yangu, mtu wa takwimu, aliniandikia jina la kituo pembeni mwa sura ya tatu. Nami nikaanza kuwaambia watu natafuta ukweli, natafuta kujijua. Niliyaandika humu humu, dada mmoja akakomenti "unatafuta njia ya kurudi kwa mwenyewe", nikambloku. Dada, rudi tu. Nimeshakufungulia.

Nilianza na vipassana, mafunzo ya kutafakari, siku kumi bila kuongea. Simu unakabidhi, kengele inakuamsha saa kumi alfajiri, na mlo wa mwisho wa mgeni ni matunda na chai saa kumi na moja jioni. Mwalimu mkuu, S. N. Goenka, Mhindi mzaliwa wa Burma, alifariki 2013, lakini sauti yake bado inafundisha kwenye spika. Hudaiwi hata senti. Ukimaliza unachangia ulichojaliwa ili mwingine naye apate nafasi. Siku za mwanzo kazi yako ni moja tu, kuifuatilia pumzi inavyoingia na kutoka puani. Wenzangu wakaifuatilia. Mimi siku zote zile nilikuwa nabishana kichwani na yule bibie aliyeniacha. Siku ya sita nikamshinda kwa hoja, akakosa la kusema, nikatabasamu peke yangu ukumbini mpaka msaidizi akaja kunichungulia kama nina homa.

Kisha Rishikesh, kando ya mto Ganges, pale wanamuziki wa Beatles walipokwenda mwaka 1968 kwa guru Maharishi Mahesh Yogi, na leo ukitupa jiwe linampiga mwalimu wa yoga. Guru wangu wa huko alikuwa wa mambo ya pumzi. Kila asubuhi: tumbo ndani, pumzi nje kwa nguvu, mara mia. Nyani wa darajani walinipora ndizi siku mbili mfululizo, lakini kwenye pumzi nilifaulu. Guru alinisimamisha mbele ya darasa, akanigonga tumboni kama fundi anayekagua tangi, akasema mapafu ya namna hii ni nadra. Kichwa kikavimba. Likumbukeni tumbo hilo.

Mwezi uliopita nikamshawishi Mjumbe twende Tiruvannamalai, kusini huko Tamil Nadu. Treni mpaka Chennai, halafu basi. Mjumbe hatafuti ukweli wowote, alifuata picha. Mji umekaa chini ya mlima Arunachala, ambako guru Ramana Maharshi alifika 1896 akiwa kijana wa miaka 16, asiondoke tena mpaka alipofariki 1950. Huyo alifundisha zaidi kwa kunyamaza, na swali lake kubwa lilikuwa: mimi ni nani? Watu huuzunguka mlima ule peku, kilomita 14, hasa usiku wa mwezi mpevu. Nikazunguka. Kilomita ya tisa nilikuwa nimeshapata jibu la mimi ni nani. Mimi ni mtu mwenye malengelenge.

Sasa shikeni hili kabla sijaendelea. Pale Shiva, mungu wa Wahindu, anaabudiwa kwa umbo la moto. Mlima wenyewe kwao ndio moto. Kila mwaka, kati ya Novemba na Desemba, wanawasha moto kileleni kwenye chombo kikubwa cha samli, unaonekana kutoka mbali, na umati usio na idadi unaujia. India yote ilivyo kubwa, mimi moto wa watu nilikwenda kuuzima pale.

Ashram tuliyofikia, yaani makao ya guru na wafuasi wake, siyo ya Ramana, na jina lake linabaki kwangu. Guru wake yu hai, mzee mpole mwenye ndevu kama pamba iliyochambuliwa. Asubuhi ile mpishi, huku anatumwagia mchuzi wa sambar juu ya vitumbua vya idli, akatuambia leo ni siku ya kuzaliwa kwa guru, jioni kuna sherehe. "Birthday," akasema, kwa Kiingereza, ili tuelewe vizuri. Neno lile! Angelisema kwa Kitamil chake, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zangu.

Jioni ukumbi umejaa. Maua ya manjano kila mahali, watoto wamevalishwa vipya, laddu, vile vitamu vya mviringo, zimepangwa kama matofali ya msikiti. Sisi tumekalishwa mbele kabisa, sakafuni, kwa kuwa ni wageni kutoka Afrika. Mjumbe simu juu, anarekodi. Watu wanaimba, kengele inalia, na kijana mmoja kifua wazi anazungusha sinia la shaba mbele ya guru, juu yake unawaka moto wa kafuri. Nyie watu wa Pwani kafuri mnaijua. Nimekulia Tanga, harufu ile kwangu ni ya kuoshea maiti, kwa hiyo nusu ya akili yangu ilikuwa msibani na nusu ilikuwa kwenye birthday.

Kisha kijana akageuka, akaja kwangu. Wa kwanza, kwa heshima ya mgeni.

Hapa tuende polepole. Sinia liko usawa wa kidevu changu. Katikati kuna moto mmoja, mdogo, umesimama wima. Pembeni maua. Mwenye siku yake amekaa kitini, ananitazama, anatabasamu. Watu wote wananitazama, wanatabasamu. Kijana analisogeza sinia karibu zaidi na kuniinamishia kichwa, kama anayesema haya, wewe sasa. Niambieni ukweli, nyinyi mliokatiwa keki tangu chekechea, hapo mngefanya nini?

Nilichotakiwa kufanya nimekuja kukijua baadaye: unapitisha viganja juu ya moto, halafu unavigusisha machoni. Kafuri huungua yote isiache hata jivu, na ndivyo ile "mimi, mimi" ya mtu inavyotakiwa iishe. Jambo zuri kabisa. Mwenzenu nikafumba macho. Tumbo ndani. Nikaomba haja yangu, maana mshumaa hauzimwi hivi hivi bila kuomba. Na pumzi yote ya Rishikesh, ile ya mara mia kila asubuhi, ikatoka kwa mkupuo mmoja.

Fuuuu.

Moto ukalala, ukataka kuinuka, ukafa. Lakini pembeni mwa sinia kulikuwa na vibakuli viwili ambavyo sikuviona, kimoja cha majivu matakatifu, kingine cha unga mwekundu wa kupaka kwenye paji. Vyote vikaruka. Nilipofumbua macho, mikono imeshainuka kupiga makofi, mdomo umeshasema "Hap", nikamkuta kijana wa watu amekuwa mweupe na mwekundu kuanzia kitovuni mpaka kope. Anapepesa macho tu. Bado amelishika sinia, kwa adabu zote.

Kengele ikakoma. Kuimba kukakoma. Nikasikia feni. Kamoshi kembamba kakapanda katikati yetu. Mikono yangu ilikuwa bado iko hewani, imeachana kama ya mvuvi anayekuonyesha samaki aliyemkosa, na sikujua niipeleke wapi, nikaikutanisha taratibu kifuani kana kwamba tangu mwanzo nilikuwa naleta salamu yao ya namaste. Nyuma yangu bibi mmoja akavuta pumzi ndefu. Kwao moto mtakatifu hauzimwi kwa mdomo, pumzi ya mdomo inaunajisi. Upande wa kushoto nikasikia mlio wa mbuzi aliyekabwa. Huyo ni Mjumbe, hucheka hivyo akijizuia. Na ile video mmeiona: haitikisiki hata kidogo. Mtu anakufa kwa kucheka, mkono wake umetulia kama wa daktari wa upasuaji! Halafu ikamshinda, akakimbilia nje, ndiyo maana inakatika pale.

Kilichofuata hakina video. Guru akamtazama kijana aliyepakwa rangi. Akanitazama mimi. Akasema maneno machache kwa Kitamil, kwa upole, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, watoto wakagaragara chini, kijana mwenyewe akacheka mpaka majivu yakamdondoka. Nikamgeukia mpishi, amesemaje? Mpishi anafuta machozi kwa pindo la lungi.

"Anauliza umeomba nini."

Nikanyamaza. Ramana angenisifu.

Maana jamani, hapo ndipo aibu ilipo, na Mjumbe hata haijui. Miezi yote nimewaambia natafuta ukweli. Nimeletewa moto chini ya Arunachala, nimeletewa mpaka usoni, na haja niliyoiomba ni kwamba yule bibie aniandikie. Hata salamu tu.

Mengine ni ya kawaida. Kafuri ikawashwa upya, safari hii kijana akaanzia upande wa pili. Nikaomba radhi kwa kila mwenye ndevu na wengine wasio nazo, yule bibi akanipa laddu mbili, alfajiri tukapanda basi. Mama alipiga tukiwa Chennai: "Mimi nilikutuma ukasome, sikukutuma ukazime mioto ya watu." Akakata. Baba mkubwa ameongeza "Duh" ya pili.

Na jana saa tano usiku ujumbe ukaingia, kwa ule mlio ambao tangu mwezi wa pili sijaubadilisha. Nilikuwa napiga mswaki, nikatoka na povu mdomoni. Ni yeye. Ameandika neno moja:

"Fuuuu."