COBRA: Bima Inayobaki Kazi Ikiondoka

Marekani, barua ya kuachishwa kazi haiji peke yake. Wiki chache baadaye hufuata bahasha nyingine: unaweza kubaki kwenye bima ile ile ya afya uliyokuwa nayo kazini, kwa kawaida hadi miezi 18, ila sasa utailipa mwenyewe. Haki hiyo inaitwa COBRA, kifupi cha sheria iliyotiwa saini Aprili 1986, na wengi wakishaona bei huona jina la nyoka limeifaa.

Tuseme bima inagharimu dola 700 kwa mwezi, na kwenye karatasi ya mshahara makato yalikuwa 150 tu. Zile 550 alikuwa akizitoa mwajiri, kimya kimya. Kazi ikiisha, unaweza kudaiwa zote 700 pamoja na asilimia 2 ya gharama za uendeshaji: dola 714, tena katika mwezi usio na mshahara. Wanaoiita haki ya kwenye makaratasi hawajakosea sana. Isitoshe, sheria hii inawabana waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi, na kampuni ikifunga milango na kufuta bima yake yote, hakuna cha kuendeleza.

Lakini mtazame aliye katikati ya matibabu ya saratani mwezi Oktoba. Kwa COBRA anabaki na daktari wake, na fedha alizokwisha kutoa mfukoni mwaka huu, kabla bima haijaanza kubeba mzigo, zinaendelea kuhesabiwa. Akihamia bima nyingine, kwa kawaida anaanza sifuri, na Januari sifuri tena. Kwa mtu huyo, 714 huenda ndiyo bei nafuu.

Kwa mwenye afya njema, thamani yote iko kwenye siku 60 anazopewa za kuamua kama ataichukua COBRA. Ukikubali ndani ya muda huo, bima hurudi nyuma hadi siku ile bima ya kazini ilipokatika, na unapewa siku 45 nyingine za kulipa mara ya kwanza. Maana yake unaweza kukaa bila kulipa senti. Ukivunjika mguu siku ya 50, unajaza fomu na kulipa miezi iliyopita. Waajiri hulalamika kwamba mtindo huu huwaletea wagonjwa tu na ile asilimia 2 haifidii kitu. Wana hoja. Ila waliofunga bima kwenye ajira ni wao wenyewe: wakati wa Vita Kuu ya Pili mishahara ilipozuiwa kupanda, kampuni ziliwavuta wafanyakazi kwa bima, na msamaha wa kodi ukalikaza fundo hilo.

Tangu 2014 kuna pia soko la bima la serikali, lenye ruzuku kulingana na kipato. Kupoteza bima ya kazini hukufungulia mlango wake kwa siku 60 vilevile, na hapo ndipo watu hunasa. Mtu huchukua COBRA kwa woga, akiba ikamwishia baada ya miezi minne, akaiacha. Kuacha kwa hiari hakumfungulii mlango tena. Asipostahili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo haina msimu wa kujiandikisha, atakaa bila bima akingojea dirisha la mwisho wa mwaka.